Simu Inajua Kwa Nini Meseji Imekwama, Ituambie

Wiki iliyopita fundi simu mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, alifuta simu ya shangazi yangu. Aliifuta yote, ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, akapokea shilingi 15,000 zake, na meseji zikaendelea kukwama vile vile. Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kabla sijasema ninachotaka kusema.

Shangazi anakusanya parachichi Rungwe. Lori la mnunuzi likipangwa kupanda, yeye huwaarifu wakulima wake wa Isongole na wa kule Busokelo siku moja kabla, wachume na kufikisha mzigo barabarani. Uzuri wa parachichi ni kwamba haliivi likiwa mtini, linaweza kusubiri. Likishachumwa, siku zake zinahesabika. Kwa hiyo hakuna mkulima mwenye akili anayechuma kabla ya taarifa, na taarifa yenyewe ni meseji ya kawaida, kwa sababu wengi wao wana vitochi. Anaandika mara moja, anachagua majina, anatuma, kazi imeisha.

Mwaka huu mwanawe akamnunulia simu janja. Mara ya kwanza kuandika meseji ya lori kwenye simu hiyo, akachagua majina yote, akabonyeza kutuma, na chini ya meseji yakatokea maneno mekundu: "Haijatumwa. Gusa ili ujaribu tena." Akagusa. Yakarudi yale yale. Akaongeza vocha, akazima simu akaiwasha, akagusa tena. Kesho yake lori likapanda, likakuta barabara tupu, na dereva akadai hela ya mafuta.

Kwa fundi aliambiwa, "Mama, hii simu imeingia virusi, hapa ni kuiflashi tu." Fundi hakumwuliza kama meseji ya mtu mmoja mmoja inakwenda. Hakuitoa laini akaijaribu kwenye simu nyingine. Hakumwuliza hata kama humo ndani kuna kitu anachokihitaji. Kulikuwa na picha za marehemu mumewe, zilizohamishwa kutoka simu ya zamani ambayo sasa haiwaki. Kulikuwa na meseji za wakulima zinazoonyesha nani alishachukua hela ya mbolea na kiasi gani. Vyote vimekwenda. Shangazi hakulia, alisema tu, "Mwanangu, na zile za hospitali nazo?" Nazo, shangazi.

Jioni hiyo nyumbani niliichukua simu nikamwomba aniandikie mimi peke yangu. Meseji ikaingia papo hapo. Akamwandikia mkulima mmoja wa Isongole, ikaenda, na jibu likaja. Akachagua wawili kwa pamoja, ikakwama. Tatizo lilikuwa hapo. Programu ya meseji ilikuwa imepangwa kwamba ukichagua zaidi ya mtu mmoja isitume SMS, itume MMS, ile meseji ya kubebea picha na sauti, na MMS inataka data iwe imewashwa na mipangilio ya intaneti ya laini iwe sawa. Shangazi hana bando la data, ana kifurushi cha SMS. Na hata ingetoka, vitochi vingi vya wakulima wake visingeifungua. Nikaingia kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya ujumbe wa kikundi, nikachagua meseji iende kwa kila mtu peke yake kama SMS. Zikaondoka zote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuirudisha simu kiwandani kusingesaidia hata kidogo, kwa sababu mpangilio huo mbaya ndio simu iliotoka nao huko kiwandani.

Simlaumu fundi peke yake. Yeye aliona kile kile alichokiona shangazi: "Haijatumwa." Na hapo ndipo ninapotaka tupaangalie vizuri, kwa sababu simu ile ilikuwa inajua. Ilijua kwamba inajaribu kutuma MMS. Ilijua data imezimwa. Ilikuwa na nafasi ya kutosha kwenye kioo kuandika "Washa data au tuma kama SMS". Ikanyamaza, ikamwambia mama wa watu aguse ajaribu tena, kana kwamba kugusa ndiko kulikokosekana.

Kwa SMS za kawaida ni hivyo hivyo, tena huko ndiko kunakoudhi zaidi. Meseji haitoki kwenye simu yako ikaenda moja kwa moja kwa mwenzako. Inakwenda kwanza kwenye kituo cha ujumbe cha mtandao wako, ambacho namba yake imehifadhiwa kwenye laini na kwa laini zetu inaanza na +255. Mtandao unajibu: nimeipokea, au sikuipokea. Ukikataa, jibu linarudi na namba ya sababu. Kanuni za GSM, mfumo wa mitandao ya simu za mkononi, zilizipanga namba hizo zamani. Namba 1 maana yake namba unayoiandikia haijagawiwa mtu. Namba 8, mtandao wenyewe umeizuia laini. Namba 21, meseji imekataliwa. Namba 38, mtandao una hitilafu. Namba 42, kuna msongamano. Namba 50, huduma hiyo haijafunguliwa kwenye laini yako.

Soma tena hizo sababu, kisha fikiria mtu wa Matamba au Ludewa mwenye meseji iliyokwama. Akiambiwa 42, anasubiri kidogo na kujaribu tena. Akiambiwa 8, anajua akalalamike kwa wenye mtandao na asitoe hata senti moja kwa fundi. Akiambiwa 1, anarudi kuikagua namba aliyoandika. Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Tunazifunika zote kwa neno moja jekundu, kisha tunashangaa watu wakisema simu imelogwa au ina virusi. Meseji ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Zaidi ya miaka 30 imepita, sababu zinarudi hadi ndani ya simu ya mtu, na mwenye simu bado haonyeshwi. Ni sawa na daktari kusoma majibu ya vipimo vyako, akayafungia kwenye droo, akakwambia tu kwamba unaumwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba baadhi ya simu hazifichi kabisa. Bonyeza meseji iliyokwama kwa muda, fungua maelezo yake, na kwenye simu nyingine utakuta namba ya hitilafu imeandikwa humo. Namba tupu, bila neno la kuieleza. Inamsaidia nani? Mimi ninayezifahamu, na wachache kama mimi. Haimsaidii shangazi, na niliyoyaona Mwanjelwa yanaonyesha kwamba haimsaidii hata fundi.

Nakubali pia kwamba mara nyingine ni mtandao kweli. Huku kwetu milima haina huruma. Ukishuka Kitonga, au ukiwa kwenye mabonde ya Makete, mnara mmoja unakuona na kona inayofuata haukuoni. Lakini neno "mtandao" limekuwa kichaka cha kila tatizo, na mengi yanayojificha humo hayana uhusiano wowote na mnara.

Kuna hili la laini mbili. Watu wengi hapa wana mbili, tatu. Kifurushi kimewekwa laini ya kwanza, simu imepangwa kutuma meseji kwa laini ya pili isiyo na senti. Angalia hapo kabla ya kitu kingine chochote. Walio Kasumulu wanajua simu inavyokamata mtandao wa Malawi, na wa Tunduma inavyokamata wa Zambia. Hapo ingia kwenye mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, chagua wa nyumbani mwenyewe. Kuna zile gumzo za RCS, ambapo simu inang'ang'ania kutuma kwa intaneti kumbe mwenzako ameshahamia kitochi. Zizime uone. Kuna laini zilizofungiwa kwa ajili ya usajili, na *106# itakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuna pia urefu wa meseji. SMS moja inabeba herufi 160. Ukiweka kikatuni kimoja cha kucheka, zinashuka hadi 70, na meseji yako inakatwa vipande ambavyo kila kimoja kinakula kifurushi. Hata ile alama iliyopinda ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe katikati ya "ng'ombe" inaweza kufanya hivyo hivyo, wakati ile iliyonyooka haina shida. Mtu anajiunga meseji chache, anaandika tatu ndefu, zinaisha, ya nne inakwama. Anaambiwa nini? "Haijatumwa."

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya kizamani, watu watumie WhatsApp. Hayo semeni mkiwa Kabwe, kwenye kona ya mnara. Meseji ya kawaida hupita kwenye njia ile ile ndogo ambayo simu hutumia kuwasiliana na mnara na kupokea taarifa za simu zinazoingia, haisubiri njia ya maongezi wala ya data. Ndiyo maana mahali ambapo sauti inakatika-katika, meseji hupenya. Mwenzako akiwa amezima simu, kituo kinaitunza na kumpelekea akiwasha. Mkulima ambaye simu yake inapata chaji siku anayoshuka sokoni anategemea hilo. Mama anayemwandikia mwanawe kwamba baba yake amezidiwa anategemea hilo. Hao ndio wanaopata hasara meseji inapokwama bila sababu, na hao ndio wasio na mtu wa kumpelekea malalamiko.

Kwa hiyo naiambia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya: agizeni. Kila simu inayoingia nchini kuuzwa ionyeshe sababu ya meseji kukwama, kwa maneno ya Kiswahili, pale pale kwenye meseji. Na kila mtandao ukikataa meseji kwa sababu ya salio au kifurushi, umwambie mteja hivyo. Msituambie kwamba simu zinatengenezwa nje na hamna nguvu nazo. Juni 2016 mlizima simu feki nchi nzima. Mlisimamia usajili wa laini kwa alama za vidole hadi tarehe ya mwisho ya 20 Januari 2020, na tulipanga foleni, wazee na wagonjwa, kwa sababu mlisema lazima. Mlipotaka kitu kutoka kwetu mlikipata. Sasa sisi tunataka sentensi moja ya Kiswahili kwenye kioo cha simu.

Na nyie mafundi wa Mwanjelwa, Kabwe, Mafinga, Njombe mjini, ndugu zangu, nawaomba kwa dhati. Mteja akija na meseji zinazokwama, mwambieni atume kwa mtu mmoja, halafu kwa wawili. Toeni laini muijaribu kwenye kitochi: ikituma, laini na mtandao havina kosa, tatizo liko kwenye simu au mipangilio yake. Isipotuma, kuiflashi simu ni kumwibia mtu. Angalieni laini iliyochaguliwa kutuma. Angalieni namba ya kituo cha ujumbe kama ipo na kama ni sahihi. Kwenye baadhi ya simu za Android inaonekana ukibonyeza *#*#4636#*#*, na kwenye iPhone ni *#5005*7672#. Msiibadilishe kwa kubahatisha, pigeni huduma kwa wateja wa mtandao husika wawatajie iliyo sahihi. Mkifika mahali pa kufuta simu, na mara chache sana mtafika, hamisheni kwanza picha na meseji za mwenye simu. Mwulizeni kwa sauti, "Mama, kuna picha humu?"

Ninaandaa barua kwa ofisi ya kanda na nataka iende na ushahidi wa watu wengi kuliko shangazi yangu. Ukiwa Ileje, Makete, Ludewa, Kilolo au popote huku kwetu na meseji ikakwama, fungua maelezo yake na uniandikie hapa chini: uko kata gani, simu ni ya aina gani, ulikuwa unamtumia mtu mmoja au wengi, na namba ya hitilafu kama ipo. Usiweke namba yako ya simu wala ya uliyemwandikia. Kama fundi alikufutia simu na tatizo likabaki, liandike na hilo.