Mstaafu Asiyemaliza Kozi

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu miaka 3 iliyopita. Ana kaunta buku nyeusi ya jalada gumu, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa ule mwandiko wa ubaoni, neno moja: UDONGO. Jioni kuku wakishaingia bandani huegemeza simu kwenye kopo la sukari, akavaa miwani, akafungua kozi ya bure ya udongo na mbolea aliyojiandikisha mtandaoni. Kozi ni ya Kiingereza. Mjukuu wake wa kidato cha pili hukaa ubavuni na kamusi.

Siku niliyowakuta walikuwa wamekwama kwenye neno moja. Kijana alikuwa amelipata kamusini lakini maana haimkai kichwani: virutubisho kusombwa na maji ya mvua kwenda chini, mizizi isikofika. Bibi akamwambia, "Ile samadi tuliyomwaga kwenye kichanga kule nyuma, masika ya mwaka juzi, mahindi yakatoka manjano. Si ndiyo hiyo?" Kijana akatulia kidogo. "Kumbe, bibi." Akachukua kalamu akaliandika yeye mwenyewe kwenye daftari la bibi yake.

Kozi ile ina masomo 8. Mwalimu ameishia la 4. Matatu ya kwanza aliyarudia, na la 4, linalohusu mboji, lilimpeleka shambani. Tangu hapo la 5 hajaligusa. Kwa hesabu ya wenye kozi, huyu ni miongoni mwa walioacha njiani.

Namtaja kwa sababu kila panapozungumzwa habari ya masomo ya bure mtandaoni kwa wastaafu, hatimaye mtu huleta takwimu ya walioacha njiani, na mazungumzo huishia hapo. Takwimu yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, waliopitia kumbukumbu za kozi za MIT na Harvard kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Katika mwaka wa masomo wa 2017/18 waliomaliza kozi walikuwa asilimia 3.13 ya waliojiandikisha. Zaidi ya nusu walijiandikisha na wasirudi hata kufungua somo la kwanza. Ukiambiwa hivyo, halafu ukaambiwa kwamba kozi hizohizo ndizo tunazotaka kumpa mzee wa miaka 65 mwenye simu ya kuazima, ni rahisi kuona kwamba tunamtania.

Wanaopinga wana hoja nyingine nzito, na si za kupuuzwa. Ya kwanza ni tumbo. Mstaafu wa Tanzania miaka hii hajakaa akiwaza kozi, amekuwa akiwaza kikokotoo, yaani hesabu ya sehemu ya mafao atakayolipwa kwa mkupuo. Mwaka 2018 malipo ya mkupuo yalipangwa kushuka hadi asilimia 25, kelele zikapigwa hadi Rais akaingilia kati. Mwaka 2022 ikawa 33. Mwaka 2024 ikapandishwa kuwa 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa likichukua nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Mtu aliyepita katika misukosuko hiyo ukimwambia kuna elimu ya bure mtandaoni, ana haki ya kukuuliza kama hiyo ndiyo itakayoezeka nyumba yake. Na wapo wazee wengi zaidi, wakulima na wavuvi, ambao hawakuajiriwa kokote na hawana pensheni yoyote. Kwao hata neno kustaafu halina maana.

Ya pili ni kwamba hiyo bure si bure. Bando linanunuliwa, na video ya nusu saa inalila. Cheti mara nyingi kinalipiwa. Lugha ni ya mwingine. Jukwaa lenyewe nalo halina uhakika: edX, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Harvard na MIT bila lengo la faida, iliuzwa mwaka 2021 kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na kufikia mwaka 2024 kampuni hiyo ilikuwa mahakamani kwa ajili ya madeni yake. FutureLearn, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, nayo imepita mikononi mwa mnunuzi. Kinachogawiwa leo kesho kinaweza kuwekewa bei, na mzee hana wa kumlalamikia.

Hoja hizo nazikubali, na ya pili ningeitilia mkazo kuliko wenyewe wanavyoitilia. Lakini ile asilimia 3 imenisumbua muda mrefu, kwa sababu naona inatumiwa kupimia kitu ambacho haikutengenezwa kukipima.

Tazama jambo moja ndani ya uchambuzi uleule. Waliolipia cheti, karibu nusu yao walimaliza. Kozi ni ileile, mwalimu ni yuleyule, video ni zilezile. Tofauti ni kwamba mmoja alikuja kutafuta karatasi ya kumpeleka kazini na mwingine alikuja kwa sababu nyingine. Basi takwimu ya kumaliza inatueleza zaidi nani alihitaji cheti kuliko nani alijifunza. Kijana wa miaka 24 anayetafuta ajira akiishia somo la 4 kati ya 8, amepoteza: hana cha kuonyesha. Mwalimu wangu wa udongo ameshaonyeshwa na shamba lake. Anahitaji cheti cha nini? Aliyewahi kumwajiri ameshampa barua ya kumshukuru kwa utumishi, imetiwa fremu iko ukutani.

Nenda mbele kidogo na hesabu hiyohiyo. Mtu akienda maktaba akasoma sura mbili za kitabu cha kurasa 400 kisha akakirudisha, hakuna mkutubi anayemwandika kwamba ameshindwa. Msikiti au kanisa halihesabu waliosikiliza darsa au mahubiri mpaka mwisho wa mwaka. Ni shule pekee inayohesabu waliomaliza, kwa sababu shule inatoa vyeti na inapaswa kujua impe nani. Tumechukua hesabu ya shule tukaipeleka kwa watu waliokwisha kutoka shuleni, kisha tukashangaa kwamba wanafeli. Nadhani hapa ndipo wazee wanapoonewa: wanahukumiwa kwa kosa la kutohitaji kile ambacho kozi iliundwa kukitoa.

Haimaanishi kwamba kila anayeacha amepata alichokitaka. Wapo walioacha kwa sababu herufi zilikuwa ndogo, au waliombwa nywila wakaisahau, au walikutana na Kiingereza cha haraka wakaona aibu kurudia. Hao wamo ndani ya ile asilimia 97 pamoja na mwalimu wangu, na takwimu haiwatenganishi. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Ingewatenganisha, tungejua nani wa kumsaidia.

Wengine huitetea elimu ya uzeeni kwa kusema inazuia kusahau. Hapo naomba tahadhari. Kuna utafiti mmoja mzuri, wa Denise Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas, uliochapishwa mwaka 2014. Walichukua watu kama 200 wenye umri wa miaka 60 hadi 90. Baadhi walifundishwa kupiga picha kwa kamera ya kidijitali na kuzihariri kwenye kompyuta, wengine kushona mablanketi ya viraka, saa 15 na zaidi kwa wiki, miezi 3. Wengine walikutana tu kuongea na kustarehe. Waliojifunza kitu kipya na kigumu, hasa wa kamera, walipata nafuu ya kumbukumbu kuliko waliokutana kupiga soga. Ni jambo la kutia moyo, lakini ni watu 200 wa Texas, na saa 15 kwa wiki si kuangalia video wakati wa kusubiri chai ichemke. Sitamwahidi mzee yeyote kwamba kozi itamkinga na ugonjwa wa kusahau. Ninachokichukua kutoka kwenye utafiti huo ni kitu kimoja tu: walifundishwa, walikuwa pamoja, na kazi ilikuwa ngumu.

Hilo la kuwa pamoja sisi tunalijua kuliko wengi. Aliyetimiza miaka 60 mwaka 2025 alizaliwa mwaka 1965. Alikuwa mtoto mdogo Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na alimwona mama yake akitoka jioni na daftari kwenda kisomo. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali ziliwaweka chini ya asilimia 10. Unaweza kubishana na usahihi wa namba hizo, na wapo waliobishana, lakini huwezi kubisha kwamba nchi nzima ilikubali mtu wa miaka 50 akae kwenye dawati bila kuchekwa.

Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya. Wiki 12 za vipindi vya redio kuhusu malaria, kuhara, kichocho na mengineyo, na wasikilizaji wanaokadiriwa kufika milioni 2. Redio peke yake isingefanya hivyo. Watu walikaa katika vikundi, maelfu kwa maelfu, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo na kijitabu. Kipindi kikiisha redio inazimwa, wanajadili, wanaamua: tunachimba vyoo, tunafyeka vichaka, tunafukia madimbwi. Na vyoo vikachimbwa. Kama mtu angekuja wakati ule kupima nani amemaliza vipindi vyote 12 na kufaulu mtihani, sijui angeandika nini. Wenyewe waliokuwa wakiendesha kampeni walikwenda kuhesabu vyoo.

Mwaka huohuo wa 1973, huko Toulouse Ufaransa, Profesa Pierre Vellas alifungua milango ya chuo kikuu kwa wastaafu, wakakiita Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Wazo lilipofika Uingereza mwaka 1982 likabadilishwa: hakuna mitihani, hakuna vyeti, na anayefundisha ni mstaafu mwenzako. Mhandisi wa reli anafundisha historia ya reli, muuguzi anajifunza Kiitaliano. Vyuo viwili vya mbali, kisomo cha kwetu na hicho cha kwao, havikujuana, na vyote viliona kwamba mtu mzima hujifunza akiwa na wenzake, na akiwa na sababu yake.

Ndiyo maana sioni kosa liko kwenye intaneti wala kwenye umri. Khan Academy, tovuti ya masomo, ipo bure, masomo ya MIT yapo bure tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mengi unaweza kuyapakua ukayaangalia bila bando baadaye, OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza ipo tangu 2006. Na kwa Kiswahili, YouTube imejaa watu wanaoonyesha namna ya kuchanja kuku au kutengeneza mboji, wengine wazuri sana, wengine wauzaji wa dawa za uongo. Kinachokosekana ni kile kiti cha kando ya redio: mtu wa kumwambia mzee hili fungua, hili achana nalo, na hili tulijadili.

Na haja ipo hata kwa asiyetaka kozi. Uhakiki wa wastaafu nao sasa unafanywa kwa simu janja. Fedha zinakuja kwa simu. Matapeli nao wanakuja kwa simu, na wanajua wiki ambayo kiinua mgongo kimeingia. "Ile hela itume kwenye namba hii" imewaumiza wengi, na mtu aliyefundishwa kwa nusu saa tu, na mtu anayemwamini, namna ya kutunza namba ya siri anaokoa alichokitafuta kwa miaka 35. Anayesema tumbo kwanza, elimu baadaye, aliangalie hili: hapa elimu ndiyo inayolinda tumbo.

Mimi ningeanzia kwenye semina za kabla ya kustaafu. Huko watumishi hufundishwa ufugaji na mikopo kwa siku mbili tatu, wanakula chakula cha mchana, wanarudi. Ongeza mchana mmoja: kila mmoja na simu yake mkononi, akuze herufi, ajiandikishe kozi moja ya jambo analolipenda yeye, apakue somo la kwanza, na aondoke na namba za wenzake watatu wa wilaya moja wanaosoma kitu hichohicho. Madarasa ya shule za msingi huwa matupu Jumamosi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kisheria tangu 1975 na kazi hii ndiyo yake. Ghali katika mpango huu ni kumlipa mtu wa kukaa nao, na hiyo ndiyo fedha ambayo sijaona mtu akiitenga, kwa sababu kila mmoja anaamini neno bure limeshamaliza kazi.

Jumamosi iliyopita nilipita tena kwa mwalimu. Walikuwa wanne mezani: yeye, muuguzi mstaafu wa mtaa wa pili, na mama wawili wanaolima mchicha bondeni, mmoja wao hajui Kiingereza hata kidogo. Kijana alikuwa akitafsiri sentensi kwa sentensi na kusimamishwa kila baada ya dakika. Nilidhani hatimaye wamefika somo la 5. Walikuwa la 2. Wale mama wawili walikuwa wapya, na mwalimu alikuwa ameamua waanze wote pamoja.