Nebraska kaburi la makocha? Sio kweli yote

Kuna makala mwandishi wake anasema kazi ya ukocha mkuu wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, inaua makocha, yaani inawaharibia kazi, mi nakubali nusu tu. Kocha Scott Frost alitoka UCF (Chuo Kikuu cha Central Florida) mwaka 2017 timu haijafungwa hata mechi moja, kila mtu anamtaka, akarudi Nebraska, chuo alichochezea mwenyewe na kubeba ubingwa 1997, watu wakampokea kama masihi vile. Matokeo yake kashinda 16 kafungwa 31, wakamtimua Septemba 2022 siku moja tu baada ya kupigwa 45-42 na chuo cha Georgia Southern, tena pale pale nyumbani. Na cheki walivyokuwa na hasira, wangesubiri mpaka Oktoba mosi fidia ya kumlipa ingeshuka kutoka milioni 15 za dola mpaka nusu yake, hawakusubiri hata hizo wiki 3 jamani!

Lakini huyo huyo UCF wamemchukua tena, sasa ameharibikiwa nini? Na Frank Solich, naye kocha wa Nebraska, alifukuzwa 2003 msimu huo kashinda mechi 9, akaenda Chuo Kikuu cha Ohio akadumu miaka kibao na heshima yake. Mi naona wanaoumia ni wale makocha wasaidizi, mtu kahamisha watoto shule alafu bosi anafukuzwa, yeye hana hata robo ya hizo hela.