Kwa wakwe zangu, huli kabla hujasema neno

Kufikia saa kumi jioni tarehe 24 Desemba, mjini Kraków, Poland, giza limeanza kutanda. Watoto hubanana dirishani wakiitafuta nyota ya kwanza, kwa sababu kabla haijaonekana hakuna anayeketi mezani. Mke wangu ni wa huko, na mkesha huo wanauita Wigilia.

Vyakula ni 12, idadi ya mitume, na nyama haiguswi. Kuna barszcz, supu nyekundu ya bitiruti yenye vimaandazi vya kuchemsha vilivyojazwa uyoga, kuna samaki aitwaye karp, kuna kabichi, kuna matunda makavu yaliyochemshwa. Chini ya kitambaa cheupe hutandazwa nyasi kavu, kukumbuka hori la Bethlehemu. Na kila mwaka sahani moja huwekwa bila mwenyewe, ya mgeni yeyote atakayebisha hodi. Miaka minne nimekula pale, sijasikia hodi hata moja. Kwetu Kakamega sahani hiyo haiwekwi, kwani anayesonga ugali wa Krismasi anajua nusu ya walaji bado wako njiani. Hapo tumewazidi, na nasema bila kusita.

Lakini nikisikia watu wakisema Wazungu hawajui undugu, sikubali. Kabla ya kijiko cha kwanza, kila mtu hushika opłatek, mkate mweupe mwembamba kama karatasi, uliochapwa picha za kuzaliwa kwa Yesu. Unamwendea mmoja mmoja, unamega wake, naye anamega wako, mnatakiana heri macho kwa macho. Hata mliokosana. Mimi nimelelewa nikijua mama mkwe humpi mkono, sembuse kula naye meza moja. Yule mama alinijia, akamega kipande changu, akaongea polepole ili nimwelewe: goti la mama yako lipone. Nilikuwa nimelitaja goti hilo mara moja tu, mwezi wa saba.

Mwaka juzi nilikuja nyumbani. Turubai uani, watu zaidi ya arobaini, kuku saba. Kaka yangu na mimi tulikuwa hatusemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba alilotuachia baba. Tuliketi bega kwa bega, tukanawa kwa jagi moja, tukacheka na wageni. Imondo, ile firigisi ya mkubwa wa nyumba, ikawekwa mbele ya kaka. Akaikata katikati kwa kidole gumba, nusu akaitia kwenye sahani yangu bila kunitazama. Nikaila, nikanyamaza. Kesho yake nikapanda basi.

Hilo ndilo linaloniuma kuhusu sikukuu zetu. Tunalisha kijiji kizima, na jambo lenyewe tunalimeza pamoja na ugali. Tunauita ukimya huo heshima. Mimi nadhani mara nyingi ni woga tu. Kaka alimega cha kwake, na zamu ya kusema ilikuwa yangu.

Desemba hii narudi. Mama mkwe amenipa opłatek kwenye bahasha, kama wanavyowapelekea ndugu walio mbali, na juu yake ameandika jina la kaka yangu kwa mkono wake. Nimeiweka katikati ya daftari isivunjike. Nitampa kabla kuku hawajaepuliwa, mbele ya mama, na suala la mpaka nitalianza mimi.