Wanafichana nini?

Tamthilia za watu wasiojuana waliokwama pamoja zinanikera kwa kitu kimoja: usiri. Lost ya Marekani ilienda misimu 6, 2004 hadi 2010, na manusura wa ndege wakafichana mambo kisiwani mwanzo mwisho. Mtu kaona hatari msituni, anarudi kimya! Kwa nini hasemi?

Basi letu la Mbeya liliwahi kukwama usiku pale Kitonga, lori limeziba barabara. Saa moja haijaisha, mama mmoja keshafungua kapu la mahindi ya kuchemsha anagawa, na mimi nimembeba mtoto wa mtu, nimemfunika khanga ya bibi nisiyemjua. Baridi ile! Kila habari ya mbele ilipita kiti hadi kiti. Hakuna aliyeficha hata chupa ya maji.