Pombe inagusa mafuta ya seli, au vipokezi vyake?

Mwaka 1899 Hans Meyer, na Ernest Overton mwaka 1901, walifikia jambo moja kila mtu kwa njia yake: kadiri dawa ya usingizi inavyoyeyuka katika mafuta, ndivyo inavyolaza kwa nguvu. Kwa kuwa utando wa seli umejengwa kwa mafuta, wengi waliridhika kwamba pombe, kama dawa hizo, huingia humo, huulegeza, na vipokezi, yaani protini za kupokea ishara zilizopachikwa ndani yake, huyumba. Maelezo hayo yalitawala kwa miongo mingi, na yana nguvu yake. Yanaonyesha kwa nini kemikali zisizofanana umbo huleta usingizi uleule.

Vipimo ndivyo vilivyoyatikisa. Katika nchi nyingi dereva huhesabiwa amelewa akiwa na gramu 0.08 za ethanoli, yaani pombe inayonywewa, katika mililita 100 za damu. Kwa kiwango hicho utando hulegea kidogo mno, sawa na joto la mwili kupanda kwa chini ya nyuzi 1. Kama kulegea huko ndiko ulevi, kila mwenye homa ya nyuzi 39 angekuwa amelewa chakari. Halafu kuna suala la urefu wa molekuli: jamii ya pombe huzidi kulevya mnyororo wa kaboni unavyorefuka, lakini karibu na kaboni 12 au 13 nguvu hiyo hukatika, ilhali kuyeyuka katika mafuta kunaendelea kuongezeka. Inaelekea molekuli ndefu hazienei tena katika tundu fulani la protini.

Jaribio linalonishawishi zaidi ni la mwaka 1997. Watafiti wa Marekani, wakiwemo John Mihic na Adron Harris, walibadilisha asidi amino (vijenzi vya protini) moja moja katika vipokezi vya GABA-A na vya glisini, ambavyo hutuliza neva, na ethanoli ikashindwa kuviongezea nguvu kama ilivyozoea. Mafuta ya utando hayakuguswa. Ni vigumu kuilaumu nyumba yote wakati kubadili bawaba moja kunatosha.

Hata hivyo upande wa vipokezi nao una madeni. Iliwahi kudaiwa kwamba vipokezi vya GABA-A vyenye sehemu iitwayo delta huitikia hata pombe ya glasi moja tu, lakini maabara nyingine zilirudia jaribio zisipate jibu hilo. Tena mafuta hayajatoka mchezoni: kimeng'enya cha fosfolipesi D huigeuza ethanoli kuwa fosfatidiliethanoli, mafuta mapya yanayokaa kwenye utando wa chembe nyekundu za damu na kuonekana kwenye vipimo wiki kadhaa baada ya kunywa. Mtu asiseme utando haubadiliki.

Mimi naegemea vipokezi, na sababu kubwa iko wodini kuliko maabara. Pombe huongeza kazi ya GABA-A, kipokezi kinachotuliza neva, na hupunguza ya NMDA, kinachoziamsha. Mnywaji wa kila siku, ubongo wake hujirekebisha: vya kutuliza hupungua makali, vya kuamsha huongezeka. Akiacha ghafla, breki hazipo na akseleta imekanyagwa. Mikono hutetemeka, jasho humtoka, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na baadaye kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Ndiyo maana asubuhi anakimbilia kuzimua, na kweli anatulia, maana kipokezi kimepata kile kilichozoea.

Inaniuma kuona familia ikimfungia chumbani mtu aliyekunywa gongo miaka mingi, ikiamini arosto ni ukaidi utakaoisha kwa maombi na uji. Hospitalini hupewa diazepamu, inayofanya kazi kwenye kipokezi hichohicho cha GABA-A, kisha dozi hupunguzwa polepole ubongo unapojirudi, pamoja na thiamini (vitamini B1) kuulinda. Kulegea kwa mafuta peke yake hakuelezi kwa nini dawa hiyo inasaidia. Kipokezi kinaeleza, na mgonjwa huyo anastahili kufikishwa hospitalini kabla degedege haijaanza.