Nani Atazuia Mvua ya Novemba?

Kila mwaka mwezi Novemba, siku ya mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, Korea Kusini husimamisha ndege. Kwa muda wa kama dakika 35 hakuna inayoruka wala inayotua, na zilizoko angani huzungukazunguka zikisubiri. Watahiniwa nchi nzima wanasikiliza Kiingereza. Katika maswali 45 ya karatasi hiyo, 17 ni ya kusikiliza, na serikali haitaki mtoto akose swali kwa sababu ya mngurumo wa injini.

Novemba hiyohiyo watahiniwa wa Kidato cha Nne Tanzania nao huwa ndani ya vyumba vya mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa. Kwetu hakuna ndege ya kuzuia, maana hakuna cha kusikiliza. Ni karatasi, kalamu na msimamizi anayepita katikati ya madawati. Muhtasari wa somo la Kiingereza wa mwaka 2005 ulikuwa na mada nzima ya kusikiliza ili kupata taarifa kutoka vyanzo mbalimbali. Ilikuwa imeandikwa, ina vipindi vyake, ina mapendekezo ya zana. Mwalimu aliye na silabasi ndefu na mtihani wa moko unaobisha hodi anajua hiyo ndiyo mada ya kuruka, kwa sababu haitatoka.

Hapo ndipo hoja ya kuingiza kipimo cha usikivu kwenye mtihani wa taifa inapopata nguvu. Kisichotahiniwa hakifundishwi. Nimefundisha Kiingereza shule ya kata kwa miaka kadhaa na sina jibu la kuipinga sentensi hiyo, kwa kuwa na mimi nimeiruka mada hiyo zaidi ya mara moja. Lakini kabla ya kudai tuongeze kipimo cha sikio, tuulize kama kipimo cha jicho tulichonacho kinapima tunachodhani kinapima.

Soma sentensi hii: "Asubuhi ile mgarumbi alipembulisha vigande vitatu kando ya lisopo kwa sababu msunge ulikuwa umeshasoloba." Swali la kwanza: mgarumbi alipembulisha vigande vingapi? Vitatu. Swali la pili: alivipembulisha wapi? Kando ya lisopo. Swali la tatu: kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu msunge ulikuwa umeshasoloba. Umepata zote, hongera. Sasa niambie umesoma nini.

Maneno hayo nimeyabuni, hayana maana yoyote. Ila sarufi yake ni ya Kiswahili, na sarufi peke yake imekutosha kuokota majibu. Ndivyo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anavyofanya kwenye kifungu cha habari cha Kiingereza. Anaona neno la swali, anapeleka kidole kwenye kifungu mpaka alikute, ananakili sentensi iliyolizunguka. Walimu tunaujua mchezo huu na wengine tunaufundisha, tena kwa jina la "mbinu za kujibu mtihani". Mtoto anatoka na alama nane kati ya kumi, mzazi anafurahi, na siku akipewa maelekezo ya kutumia dawa ya mimea yaliyoandikwa kwa Kiingereza hicho hicho hajui achanganye maji kiasi gani.

Upande wa pili wa karatasi kuna anayeonewa. Mwanafunzi ameelewa kifungu, anaulizwa kwa nini yule mama hakwenda sokoni, anaandika: "Because she don't have money." Ameelewa au hajaelewa? Ameelewa kabisa. Wapo walimu wanaompa alama zake zote, wapo wanaomkata nusu, na wapo wanaopiga mkasi wa nguvu kwa ajili ya hiyo "don't". Hapo alama imechanganya vitu viwili, kuelewa na kuandika, na baadaye hakuna anayeweza kuvitenganisha. Ningekuwa na mamlaka, sehemu ya ufahamu wa Kiingereza ningeruhusu ijibiwe kwa Kiswahili, hasa vidato vya mwanzo. Wenzangu wakisikia hivyo hushika vichwa. Wanasema tutaua ung'eng'e. Mimi nasema nataka kujua kama mtoto amesoma, na uandishi wake nitaupima kwenye swali la insha.

Turudi kwenye sikio, maana ndiko kwenye utajiri wa jambo hili. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anamaliza darasa la saba akiwa amesoma hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Januari inayofuata anakaa Kidato cha Kwanza na karibu kila kitu, kasoro somo la Kiswahili lenyewe, kimegeuka Kiingereza. Hili si jipya. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima hali ya Kiingereza katika shule zetu wakatoa ripoti kwamba kiwango hakitoshi kabisa kufundishia na kujifunzia masomo mengine. Miaka miwili kabla, tume ya rais ya elimu, chini ya Makweta, ilikuwa imependekeza sekondari ihamie Kiswahili. Serikali ikabaki na Kiingereza, na hata wale waliotoa ripoti ya 1984 hawakushauri kiondolewe.

Basi ikazuka njia ya katikati ambayo haimo katika waraka wowote lakini imo katika kila darasa. Mwalimu wa Bayolojia anaingia, anaandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha anageuka na kueleza kwa Kiswahili. "Sasa hii diffusion, jamani, ni kama ukimwaga pafyumu kule nyuma, na sisi wa mbele tunaipata." Watoto wanacheka, wameelewa, wananakili notisi. Mwalimu huyu simlaumu hata chembe, ameokoa kipindi. Ila angalia kilichotokea: sikio limekula Kiswahili, jicho limekula Kiingereza. Miaka minne inapita hivyo.

Hii ndiyo hoja nzito zaidi ya wanaopinga kipimo cha usikivu, na ajabu ni kwamba wenyewe hawaitaji sana. Hutaja gharama na vifaa. Lakini dhuluma halisi ni kumpima mtoto kitu ambacho hakupewa. Wa shule za inglishi midiamu, aliyesikia Kiingereza tangu chekechea, na katuni juu yake, atasikiliza sauti iliyorekodiwa huku akitabasamu. Wa shule ya kata atakuwa anapimwa Kiingereza cha walimu wake.

Mwaka mmoja nilijaribu. Kidato cha Pili, wanafunzi zaidi ya sitini katika chumba kimoja. Nilirekodi habari fupi kwenye simu, sauti ya mwalimu mwenzangu, dakika mbili na nusu: basi limeharibika njiani, abiria wanagawana chakula. Nikaazima spika ndogo ya kijana anayechoma chipsi karibu na geti la shule. Dakika ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili ikaja mvua, na anayefahamu paa la bati lisilo na dari hahitaji kuelezwa. Spika ikawa inatingisha midomo tu. Siku iliyofuata nikaacha simu nyumbani nikasoma mwenyewe, mara tatu, taratibu, nikitembea hadi nyuma.

Matokeo yalinikalisha chini. Binti aliyekuwa akiongoza kwenye vifungu vya kusoma aliambulia mawili kati ya kumi. Kijana wa dawati la nyuma, ambaye daftari lake la Kiingereza lilikuwa aibu, alipata saba. Nilipomuuliza akaniambia anasikiliza mpira kwa Kiingereza kwa mjomba wake mwenye kibanda cha kuonyesha mechi. Alijua "delay" kwa sababu ya mechi zilizochelewa kuanza. Darasa moja si utafiti, na sitaki nilifanye utafiti. Lakini alama ya kusoma pekee ilikuwa imenidanganya kuhusu watoto wawili niliokuwa nikiwaona kila siku.

Majirani zetu wa Kenya wamejaribu njia nyingine. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ina alama 60, na nusu yake, alama 30, ni za stadi za mazungumzo. Zote hujibiwa kwa maandishi. Mtahiniwa anakaa kimya chumbani akiandika namna ambavyo angezungumza. Anaulizwa neno linalotamkwa sawasawa na "flour", anaandika "flower", anapata alama yake. Jozi hamsini za namna hiyo zinaweza kukaririwa na mtu ambaye hajawahi kuzisikia kinywani mwa yeyote. Inachekesha, ila tusicheke sana: mwalimu wa Kenya angalau analazimika kuingia darasani na kusema kitu kuhusu matamshi, mkazo na adabu ya mazungumzo, kwa kuwa kinatoka. Nami ninayemcheka nina mada niliyoiruka.

Na wenye uwezo? Japani iliingiza usikivu kwenye mtihani wake wa taifa wa vyuo vikuu mwaka 2006, kila mtahiniwa akapewa kifaa chake kidogo cha kusikilizia. Mwaka huohuo wa kwanza mamia walilazimika kurudia sehemu hiyo baada ya matatizo ya vifaa. Hawakurudi nyuma. Tangu mtihani mpya ulioanza 2021, kusikiliza kuna alama 100 na kusoma alama 100, ingawa vyuo vina uhuru wa kupima uzito wake. Japani ina umeme kila chumba. Sisi tuna shule ambazo jenereta huwashwa siku ya kuchapa mitihani tu.

Halafu lipo suala la sauti ya nani. Ukileta sauti ya London, mtoto wa Newala atadhani ni lugha nyingine. Ukileta ya mwalimu wa Kitanzania, watakuja wanaosema tunashusha kiwango. Mimi niko na hao wanaolia na kiwango kwa nusu tu. Sauti iwe ya Mtanzania anayezungumza Kiingereza safi, kwa sababu ndicho atakachokisikia kazini, ila tusijifanye hatuna shida zetu. Nimewahi kusikia "law material", badala ya "raw material", ikifundishwa kwa kujiamini kipindi kizima, na darasa likaandika hivyo hivyo. Wanafunzi viziwi nao hawawezi kuwekewa swali la kusikiliza halafu tukaita hiyo haki sawa; wao lazima wawe na karatasi yao tangu mwanzo, isiwe msamaha wa kuombwa dakika ya mwisho.

Nikipima yote, sitaki usikivu uingie kwenye cheti cha Kidato cha Nne sasa hivi. Utaingia kama adhabu, na watakaoadhibiwa tunawajua. Nautaka Kidato cha Kwanza, katika zile wiki za mwanzo za kozi ya Kiingereza, na uendelee hadi Kidato cha Pili kama sehemu ya tathmini endelevu. Nautaka huko kwa sababu ndiko alama mbovu bado inaweza kumsaidia mtu: mwalimu wa Fizikia akiambiwa mapema kwamba theluthi mbili ya darasa haimsikii, atabadili kitu. Novemba ya Kidato cha Nne taarifa hiyo ni ya kuwekwa kaburini.

Wala hauhitaji spika. Tunayo imla, ile tuliyoandikishwa darasa la tatu kwa Kiswahili, mwalimu akisoma huku fimbo iko mezani. Miaka ya 1970 mwanaisimu wa Marekani, John Oller, aliitetea imla kwa hoja kwamba anayeandika anachosikia hanakili sauti tu. Ukisoma vipande virefu kidogo, asiyeelewa atapoteza maneno njiani, kwa sababu kichwa hakibebi kisichokuwa na maana. Wapo waliompinga, na kweli imla inachanganya usikivu na tahajia. Lakini tahajia unaweza kuisamehe unaposahihisha. Au usome habari, halafu waandike kwa Kiswahili walichosikia. Gharama yake ni chaki na koo la mwalimu.

Najua udhaifu wa pendekezo langu. Alama za tathmini endelevu kuna zinazopikwa mezani usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, na kipimo kisichosimamiwa kutoka nje ni rahisi kupikwa. Mwenye kudai mtihani wa taifa anaweza kunijibu kwamba ninahamisha jambo muhimu kutoka mahali pagumu kwenda mahali pa uongo. Ni jibu zuri. Nalipokea, na bado naona bora namba nisizoziamini sana mikononi mwa mwalimu wa darasa kuliko namba sahihi zinazofika mtoto akiwa ameshaondoka.

Nilipompelekea mkuu wangu wa shule wazo hili alilisikiliza lote, akauliza nani atasahihisha mikondo mitatu, nikasema mimi. Akauliza na walimu wa sayansi watakubali kuonyeshwa alama hizo, nikasema tutaona. Kisha akatazama juu, kwenye bati.

"Na ikinyesha, mwalimu?"

Tukapanga imla ya kwanza iwe Julai.