Dar imepunguza kasi, Pwani imejaa: maafisa mipango wayapige upya makadirio yao ya idadi ya watu

Msimu wa bajeti ukifika, halmashauri nyingi za Tanzania hufanya hesabu ileile kujua zina watu wangapi: huchukua idadi ya watu ya Sensa ya 2022, huizidisha kwa kiwango cha ongezeko cha mwaka, kisha hurudia hivyo kwa kila mwaka uliopita. Kwa nchi nzima njia hiyo inabeba. Kwa wilaya inaanza kuyumba, na kwa kata inapotosha kabisa, kwa sababu huko chini vizazi na vifo havibadiliki sana mwaka hadi mwaka, bali kuhama na kuhamia hubadilika.

Tazama Dar es Salaam. Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012 mkoa ulikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Aliyeichukua idadi ya 2012, watu 4,364,541, akaikuza kwa kasi hiyo, angetegemea zaidi ya watu milioni 7.5 mwaka 2022. Waliohesabiwa ni 5,383,728. Kasi ilishuka hadi asilimia 2.1. Upande wa pili wa mpaka mambo yalikwenda kinyume: Pwani, mkoa jirani, iliyokuwa ikikua kwa asilimia 2.2, ilipanda hadi asilimia 6.1, kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Jumlisha mikoa hiyo miwili utapata ongezeko la karibu asilimia 3.0 kwa mwaka, jirani kabisa na asilimia 3.2 ya taifa. Muongo wa kabla yake jumla hiyo ilikua kwa asilimia 4.8 hivi, kwa hiyo ujio wa watu kutoka mikoani nao ulipungua. Lakini jiji lenyewe halikuacha kupanuka. Limevuka mpaka kuelekea Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo, mahali ambapo mtu bado anapata kiwanja cha kujenga.

Takwimu za uhamiaji zina mitego yake. Kipimo kinachotumika sana hulinganisha mkoa aliozaliwa mtu na mkoa anaoishi. Aliyehama Mbagala akajenga Vikindu anaandikwa mhamiaji wa mkoa kwa mkoa, ingawa anapanda daladala kila asubuhi kurudi kazini Dar. Aliyetoka Tandahimba akahamia Mtwara Mjini, safari ndefu zaidi, haonekani. Aliyekwenda Geita miaka minane kisha akarudi kwao naye haonekani. Mipaka ikigawanywa, kama Songwe ilivyotoka Mbeya mwaka 2016, mtu aliyezaliwa Mbozi akijibu kwa mazoea kwamba amezaliwa Mbeya anageuka mhamiaji bila kuondoka nyumbani kwao. Ndiyo maana jedwali la mikoa pekee halimtoshi mtu anayepanga zahanati.

Kinachofaa kwa kata ni kuhesabu nyumba. Anza na kaya za Sensa ya 2022, ongeza nyumba zilizokamilika na kuhamiwa tangu Agosti mwaka huo, toa zilizobomolewa au kugeuzwa maduka na maghala, kisha zidisha kaya zilizopatikana kwa wastani wa watu kwa kaya. Hapo kwenye wastani ndipo wengi huharibu. Wastani wa taifa ni watu 4.3. Kata ya vyumba vya kupanga inaweza kuwa chini sana ya hapo. Chukua kata yenye kaya 6,000: kwa 4.3 unapata watu 25,800, kwa 3.5 unapata 21,000. Tofauti ya watu 4,800 imetoka kwenye tarakimu moja iliyonakiliwa bila kuulizwa. Tembelea kaya mia mbili zilizochaguliwa kwa bahati nasibu katika mitaa yote, si zile za barabarani tu, upate wastani wa kwenu. Nyumba iliyoezekwa lakini haijahamiwa isihesabiwe. Pembezoni mwa miji ziko nyingi, na ni rahisi sana kuzihesabu kama zina watu.

Baada ya hapo pima jibu kwa ushahidi mwingine. Watoto waliokuwa na miaka mitatu usiku wa sensa wote walikuwa wametimiza sita ifikapo Januari 2026. Linganisha idadi yao na wanafunzi wa darasa la kwanza wa mwaka huo, shule za serikali na binafsi pamoja, ukikumbuka kwamba mabasi ya shule huvuka mipaka ya kata. Kliniki nayo inasema mengi. Chanjo ikifika asilimia 115 ya walengwa, yaani watoto waliokadiriwa kuchanjwa, muuguzi ndiye hulaumiwa kwa kujaza vibaya, wakati mara nyingi idadi ya walengwa iliyoshushwa kutoka juu ndiyo iliyo ndogo. Dawa huagizwa kwa idadi hiyohiyo, kwa hiyo zinaisha kabla ya robo mwaka kwisha, na mama anarudishwa nyumbani na cheti mkononi.

Lipo pia daftari la wakazi kwa mtendaji. Nalithamini, lakini lina upungufu mmoja mkubwa: mgeni huandikishwa anapohitaji barua ya utambulisho, ya benki au ya dhamana, ilhali anayehama haji kuaga. Daftari linaongezeka tu. Dawa yake ni ya gharama ndogo: safu ya tarehe ya kuondoka, na mzunguko mmoja kila mwaka, mwezi uleule, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wakipita kwa wenye nyumba kuuliza nani ametoka na nani ameingia. Mwezi uwe uleule kwa sababu kambi za wavuvi na mashamba ya msimu hujaa na kukauka.

Na maoteo, yaani makadirio ya miaka ijayo, yakishaandikwa, yasitoke na namba moja. Kata ipewe kiwango cha chini, cha kati na cha juu, na pembeni yaandikwe madhanio ya uhamiaji yaliyotumika, tarehe, na cheo cha aliyeyapiga, ili afisa atakayekuja 2028 ajue pa kusahihisha bila kungoja sensa ijayo.